Mwarobaini, fedha na maji ya kisima

Nikisema kwamba twatengeneza chembe nano (vipande vidogo mno visivyoonekana kwa macho) za fedha, ile metali na si pesa, kwa majani ya mwarobaini, wengi hapa Mombasa hudhani dawa ni lile jani. Hata wanafunzi huja na fikra hiyo. Kinachoua bakteria ni fedha. Jani huingia kuzipa ioni za fedha, yaani atomi zilizopungukiwa elektroni, elektroni hizo hadi ziwe metali, kisha huzivika chembe hizo utando mwembamba zisigandamane. Wenye kazi hiyo ni kemikali za jani lenyewe: fenoli, flavonoidi na protini. Njia nyingine hutumia hidrazini, ambayo ni sumu, na mabaki yake hayafai kufika kwenye kidonda kinachotibiwa kwa chembe hizo.

Utaratibu ni mwepesi. Majani huoshwa, huchemshwa, huchujwa, kisha maji yake hutiwa kwenye nitrati ya fedha, mara nyingi milimoli 1 kwa lita. Manjano hafifu hugeuka hudhurungi, ishara kwamba chembe zimeundwa, na spektrofotomita, kifaa cha kupima mwanga, huonyesha mwanga ukifyonzwa kati ya nanomita 400 na 450.

Ila maji! Visima vingi vya kisiwani vina chumvi. Kloridi iliyomo katika chumvi hiyo ikikutana na fedha hutoa kloridi ya fedha, weupe kama tui, na fedha uliyoinunua ghali yatuama chini bila faida. Kwa hiyo hata chupa husuuzwa kwa maji yaliyokenekwa. Majani ya mikoko nayo hubeba chumvi yake, hivyo ukiyatumia jihadhari zaidi.

Rangi ikishageuka, watu hushangilia. Mimi nauliza: chembe zina ukubwa gani? Ndogo huachia ioni upesi zaidi. Ioni hizo hutoboa utando wa bakteria na kushika protini zenye salfa. Kipimo kikizidi, seli zetu nazo hudhurika. Krimu ya fedha sulfadiazini imetumika kwa majeraha ya moto tangu miaka ya 1960, lakini hiyo ni ya kupaka. Nawasihi ndugu zangu msinywe maji ya fedha yanayouzwa kama tiba: fedha hujikusanya mwilini, ngozi ikawa ya kijivu-buluu, na rangi hiyo kwa kawaida haitoki.

Kinachonishughulisha zaidi ni jani lenyewe. La masika na la kiangazi, hata la mti mmoja, hutofautiana fenoli, na chembe zake hutofautiana pia. Dawa haiwezi kubadilika kwa majira. Ndiyo maana nashikilia kwamba fenoli ipimwe katika kila mchemsho kabla tone la fedha halijaingia, na mchemsho usiofikia kiwango umwagwe.