Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji si mali ya mtendaji

Karatasi ya mahudhurio iliyofika mezani kwangu ilikuwa na safu nne: namba, jina, sahihi, na safu ya mwisho isiyokuwa na kichwa, yenye tarakimu tu. 2, 3, 2, 1, 4. Ilikuwa imebanwa nyuma ya muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji unaosema kwamba wananchi "kwa kauli moja" wameridhia kutoa sehemu ya ardhi yao kwa mwekezaji. Nilikaa nayo nikijiuliza mtu aliyehudhuria mkutano anapewa 4 ya nini. Kisha nikaona ukingo wa juu. Aliyetoa kopi alikunja kichwa cha karatasi, ila hakukikunja vizuri. Miguu ya herufi ilibaki. Ukiikazia macho inasomeka: VYANDARUA. Watu wale walisaini kweli, kwa mikono yao wenyewe. Walisaini kupokea vyandarua, na zile tarakimu ni mgawo wa kila kaya.

Kijiji sitakitaja, na zaidi ya hapo sina ruhusa ya kueleza. Nimeanza na karatasi ile kwa sababu tangu uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba 2024, ulioweka viongozi katika vijiji zaidi ya 12,000 nchini Tanzania, malalamiko yanayoletwa kwenye kitengo chetu cha sheria cha halmashauri ya wilaya yamekuwa na wimbo mmoja: "Sisi hatukushirikishwa." Nikiuliza mkutano mkuu wa mwisho ulifanyika lini na muhtasari wake unasemaje, majibu nayo ni yaleyale. Hatujui. Hatukwenda. Tulidhani ni mkutano wa chama.

Hilo la chama nilimalize kwanza, maana linachosha. Mkutano mkuu wa kijiji si mkutano wa chama chochote, hata kama mwenyekiti alichaguliwa kwa tiketi ya chama na hata kama kofia za rangi fulani zimejaa mbele. Huhitaji kadi. Huhitaji kuwa umezaliwa hapo, wala kuwa na shamba, wala kuwa mwenye nyumba. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, mjumbe ni kila mkazi wa kijiji aliyefikisha umri wa miaka 18. Kila mkazi maana yake kila mkazi. Bado nakutana na kaya ambako baba huenda "kuwakilisha" watu wazima watano waliobaki nyumbani. Sheria haina kitu hicho. Mke ana kura yake, kijana aliyemaliza kidato cha nne na kutimiza miaka 18 ana yake, na mwalimu aliyepanga chumba cha uani naye ana yake.

Chombo hiki si cha jana. Kimo katika sheria ya vijiji ya 1975, yaani kilikuwepo hata katika ile miaka ambayo halmashauri za wilaya zilikuwa zimefutwa, tangu 1972 hadi ziliporudishwa kwa sheria za 1982. Sura ya 287 inakiita mamlaka ya juu kabisa katika sera na mambo yote ya jumla ya kijiji. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, ndiyo yenye kazi ya utendaji, na mkutano mkuu unaoichagua unayo pia mamlaka ya kumwondoa mjumbe wake mmoja au wote. Juu ya hayo kuna Katiba, Ibara ya 21(2), inayompa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu, na Ibara ya 146 inayosema Serikali za Mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Kwa hiyo kiongozi anayetangaza kuwa "amewaruhusu" wananchi kukutana amekosea mlango. Mkutano wa kawaida ni kila baada ya miezi mitatu, utake usitake, pawe na mradi au pasiwe na mradi. Kama kijiji chenu hakijakutana tangu mwenyekiti aapishwe, hiyo peke yake ni hoja ya kumwandikia Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya, na hamhitaji kusubiri paibiwe kitu.

Ardhi ndiko kunakoumiza zaidi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, Sura ya 114, inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi kama mdhamini. Mdhamini si mmiliki. Kifungu cha 8 kinaikataza kugawa ardhi au kutoa hakimiliki ya kimila kabla mkutano mkuu haujaridhia, na kinaitaka itoe taarifa ya usimamizi wa ardhi katika kila mkutano wa kawaida. Ile imani kwamba mwenyekiti ana "ekari zake" anazoweza kumkatia mtu akiridhika naye, sijui ilianzia wapi, lakini imegharimu watu fedha nyingi. Muhuri wake kwenye karatasi ya mauziano haugeuki kuwa ridhaa ya mkutano. Mnunuzi aliyelipa, akapigiwa muhuri na akapewa chai ofisini, bila uamuzi wa mkutano mkuu hana alichonunua cha kujivunia.

Ardhi ya kijiji inapokusudiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla au ya hifadhi, mwenye mamlaka hayo ni Rais, na utaratibu wake umeandikwa katika kifungu cha 4. Kusudio linatangazwa katika Gazeti la Serikali na kupelekwa kwa halmashauri ya kijiji, ambayo inatakiwa kuufikishia mkutano mkuu. Eneo likiwa halizidi hekta 250, mkutano mkuu ndio unaoridhia au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, lakini baada ya kuyazingatia mapendekezo ya mkutano mkuu. Naomba msomaji aisome tena namba hiyo, kwa sababu nimeshakuta wazee wakiambiwa kwamba "serikali imeshaamua" juu ya eneo ambalo kura yao ndiyo iliyokuwa ikisubiriwa.

Sasa muhtasari. Watu wengi huuona kama karatasi za ofisi tu, na hapo ndipo wanapopigwa chenga. Mahakama haikuwepo chini ya mwembe wenu. Mkuu wa wilaya hakuwepo, afisa ardhi hakuwepo. Wote watasoma alichoandika mtendaji wa kijiji, ambaye ndiye katibu wa mkutano. Muhtasari kamili una tarehe, mahali, saa ya kufungua na kufunga, ajenda kama zilivyotangazwa, mahudhurio yenye kichwa kinachosema ni ya mkutano gani (mnajua kwa nini nasema hivi), hoja zilizotolewa pamoja na zilizopinga, idadi ya waliokubali na waliokataa, azimio, kisha sahihi ya mwenyekiti na ya mtendaji. "Kwa kauli moja" si idadi. Kila ninapoliona neno hilo katika jambo la ardhi, kalamu yangu nyekundu hutoka yenyewe.

Ajenda ya kwanza baada ya kufungua mkutano iwe kusoma na kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita. Hapa ndipo wananchi huanza kupiga soga na kutuma watoto maji. Katika mkutano mmoja niliohudhuria kama mwalikwa, mama mmoja wa makamo alisimama wakati mwenyekiti anasema "kama hakuna marekebisho tuendelee". Akasema, "Mwanangu mwenyekiti, mimi miwani yangu imevunjika. Nisomee ule ukurasa wa michango ya zahanati." Mwenyekiti akasema umesomwa. "Umesomwa haraka," akajibu. Ukasomwa tena. Kumbe mkutano uliopita ulipitisha shilingi 5,000 kwa kaya, na muhtasari ulikuwa umeandika 5,000 kwa kila mtu mzima. Mtendaji alieleza kuwa ni kuteleza kwa kalamu, na mimi sina ushahidi wa kusema vinginevyo. Pakarekebishwa hapohapo, pakasainiwa pembeni.

Kuhusu michango na faini, tofautisheni. Mchango wa hiari ni hiari. Mkikubaliana kila kaya ichangie, azimio liandikwe kiasi, kusudi na muda, na kila anayetoa apewe stakabadhi. Fedha ziingie benki katika akaunti ya kijiji, zisikae kwenye droo ya mtu "mwaminifu". Ila huwezi kumchukulia mtu kuku wake kwa kuwa hakufika kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, ikiwa hakuna sheria ndogo. Na sheria ndogo haizaliwi kwa mwenyekiti kupaza sauti. Halmashauri ya kijiji huandaa mapendekezo. Huitisha mkutano mkuu na kuyaweka mbele ya wananchi. Maoni huandikwa katika muhtasari. Halmashauri ya kijiji hukaa tena, ikayazingatia na kuipitisha rasimu. Rasimu na mihtasari yote miwili hupelekwa halmashauri ya wilaya. Na ni hadi Baraza la Madiwani liidhinishe ndipo sheria ndogo ina nguvu. Kitengo chetu huipitia kabla haijafika barazani. Tukiirudisha kwa sababu muhtasari wa mkutano mkuu haupo, tafadhali msiseme wilaya inawakwamisha. Kiambatanisho kinachokosekana ni cha kwenu. Kiwango cha adhabu ni kile kilichoandikwa ndani ya sheria ndogo iliyoidhinishwa, na anayetozwa ana haki ya kuonyeshwa kifungu na kupewa stakabadhi.

Tena, wingi wa mikono si ruhusa ya kila kitu. Nimepokea muhtasari wa kijiji "kilichoazimia" kumfukuza bibi mmoja kwa tuhuma za uchawi. Mahudhurio yalikuwa mazuri, sahihi zote halali, muhtasari umeandikwa vizuri kuliko mingi niliyoiona. Lakini ni batili kabisa. Mkutano mkuu hauna mamlaka ya kumhukumu mtu kwa kosa la jinai, kumhamisha kwake, wala kumnyima urithi. Aliyeshiriki kuutekeleza uamuzi wa namna hiyo atashitakiwa mwenyewe, na kujibu kwamba kijiji kizima kilikubali hakutamsaidia.

Vilevile, kuna kazi nyingine ya mkutano ambayo haisemwi: kuwaidhinisha wajumbe wa Baraza la Ardhi la Kijiji. Ni saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Halmashauri ya kijiji hupendekeza, mkutano huidhinisha. Baraza lililoteuliwa kimyakimya ni chanzo cha usuluhishi unaokataliwa na kila upande.

Wakazi wa mijini watauliza habari ya mtaa. Mtaa uko chini ya sheria nyingine, Sura ya 288, nao si mamlaka kama kijiji. Haumiliki wala hausimamii ardhi kwa maana niliyoieleza. Mikutano yenu ina umuhimu wake, hasa wakati wa kuibua miradi, lakini msichukue kifungu cha kijiji mkakipeleka Kariakoo.

Kuibua miradi nako kuna majira yake. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili. Vipaumbele vya kijiji vinatakiwa viwe vimepita mkutano mkuu na Kamati ya Maendeleo ya Kata na kufika wilayani miezi mingi kabla ya hapo. Anayekuja ofisini mwezi Mei na ombi la kalavati anakuja kuombea mwaka mwingine. Hatumdharau. Tarehe ndizo zinazomkatalia.

Panapokuwa na dalili za ubadhirifu, anzeni kwa maandishi kwa mtendaji wa kata, nakala kwa Mkurugenzi. TAKUKURU, yaani Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, wana ofisi wilayani na hawahitaji barua ya utambulisho kutoka kwetu. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Sura ya 329, kinahusu matumizi mabaya ya mamlaka, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Mwenyekiti wa kijiji hasamehewi kwa kuwa halipwi mshahara.

Kwa wanaotaka kuishitaki halmashauri ya kijiji: ni chombo chenye hadhi ya kisheria, kinashitakiwa kwa jina lake, lakini tangu marekebisho ya 2020 ni lazima kwanza itolewe notisi ya siku 90 inayoeleza dai, nakala ipelekwe kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwa Wakili Mkuu wa Serikali, Mwanasheria Mkuu aunganishwe katika shauri, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Kesi nyingi hufia hapo hata kabla hoja ya ardhi haijaguswa, na waleta maombi hurudi nyumbani wakiamini hakimu amehongwa. Hesabuni siku. Maelezo haya ni ya jumla. Kwa shauri lako mahususi mwone wakili au shirika la msaada wa kisheria.

Ukija kwetu, njoo na tarehe ya mkutano unaoulalamikia, picha au kopi ya tangazo lake kama lilibandikwa, na nakala ya barua uliyomwandikia mtendaji kuomba kuuona muhtasari, yenye sahihi ya aliyeipokea na tarehe. Akikataa kuipokea, andika hivyo chini ya barua, taja saa, na mtu aliyekuwa nawe asaini. Tunapokea malalamiko siku za kazi, na nakala moja ya barua yako tutakugongea muhuri wa kupokelewa ubaki nayo.