Gari la kulala la 4WD: springi ndiyo ununuzi wa mwisho

Wengi wanaojenga gari la kulala la 4WD, yaani linalovuta kwa magurudumu yote manne, kwa safari za barabara mbovu huanza na springi ndefu na matairi makubwa, halafu ndipo wanawaza kitanda, maji na betri. Mpangilio huo ni kinyume. Springi huchaguliwa kwa uzito, na uzito wa gari haujulikani mpaka kazi ya ndani iishe. Ukizinunua mapema, ama zitakuwa ngumu na gari litakurusha hadi vyombo vivunjike, ama zitakuwa laini na shokapu zitagonga mwisho kwenye kila shimo.

Anza na mizani. Lipeleke gari likiwa tupu, tangi la mafuta limejaa, wewe ukiwa nje. Pima ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma. Halafu soma kibati cha kiwandani, mara nyingi kiko kwenye nguzo ya mlango: kinataja uzito wa juu unaoruhusiwa kwa gari zima na kikomo cha kila ekseli. Tofauti kati ya kikomo na ulichopima ndiyo bajeti yako ya kilo.

Tuseme kikomo ni kilo 3,000 na gari tupu lina 2,000. Zile 1,000 zinaonekana nyingi, lakini hesabu: watu wawili 150, maji 80, chakula, nguo na vyombo 100, tairi la akiba, jeki, zana na vifaa vya kujinasua 120, betri, paneli na nyaya 70, friji, jiko na gesi 50. Tayari 570. Acha 100 za tahadhari, kwa sababu hakuna gari linalopungua uzito kadiri linavyosafiri. Sakafu, kuta, kitanda na makabati yote yanabakiwa na kilo 330. Plaiwudi ya betula ya milimita 12 ina takriban kilo 8 kwa mita ya mraba, ya popla ya unene huohuo ni 5 na kitu, na MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya milimita 16 hufika 12. MDF isiingie kwenye gari hili: ni nzito, skrubu zake hulegea kwa mtikisiko, na ikinywa maji huvimba.

Mahali uzito unapokaa ni muhimu sawa na wingi wake. Chukua gari lenye mita 3 kati ya ekseli mbili. Weka mzigo wa kilo 100 mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli hiyo haibebi 100, inabeba 133, na ya mbele inapunguziwa 33. Kwa gari la 4WD hiyo ni hasara mara mbili: magurudumu ya mbele, ambayo umeyalipia ili yavute, yanapoteza mshiko kwenye tope, na usukani unakuwa mwepesi unapopanda mlima. Ndiyo maana tangi la maji na betri hukaa chini, kati ya ekseli mbili, na kamwe si kwenye mlango wa nyuma. Juu ya paa nisingeweka zaidi ya paneli na feni. Gari la namna hii ni refu tayari kwenda juu, na njia inayoinamia upande hailisamehei mzigo wa juu.

Kabla ya kukata chochote, elewa 4WD uliyonayo. Mitsubishi Delica L300 ina ile ya kuunganisha kwa mkono pamoja na gia nzito, yaani za mwendo wa polepole wenye nguvu. Ukiunganisha kwenye lami kavu, ekseli mbili hukabana kwenye kona, kwa hiyo itumie palipo na utelezi tu. Toyota Hiace nyingi za 4WD huvuta magurudumu yote muda wote kupitia kapulingi yenye ute mzito ndani. Haina gia nzito, na haivumilii matairi ya vipimo tofauti: mzingo ukitofautiana mbele na nyuma, kapulingi inasugua bila kupumzika, inapata joto na kufa. Matairi manne yawe ya aina moja na yamelika sawasawa.

Sasa bati. Hapa ndipo magari mengi ya kujijengea yanapoanza kuoza, na kutu huonekana miaka kadhaa baadaye, wakati kuta zimeshafungwa. Kwa feni ya paa yenye tundu la milimita 355 kwa 355, bandika utepe wa karatasi wa mafundi rangi kuzunguka mstari ili msumeno usikwaruze, toboa pembe nne kwa keekee, kata kwa msumeno wa umeme wenye meno madogo. Chini yake ning'iniza mfuko mkubwa wa kudakia vumbi la chuma. Vumbi hilo ndilo adui: chembe moja iliyobaki kwenye mfereji wa paa hushika kutu na kula rangi inayoizunguka. Lifyonze, futa, fyonza tena. Piga msasa ukingo uliokatwa, safisha kwa spiriti, paka praima ya kuzuia kutu mara mbili na rangi juu yake, ukiacha kila mkono ukauke. Kuzibia tumia utepe wa butili (mpira laini unaonata) chini ya fremu na gundi ya poliyurethani kuzunguka ukingo. Silikoni usiiguse, kwani inabanduka kwenye rangi, na mabaki yake hayakubali gundi nyingine kushika.

Kuta zifunike kwa povu lenye vyumba vilivyofungwa, lisilonyonya maji, unene wa milimita 19 hadi 25, lililobandikwa kwenye bati bila kuacha mifuko ya hewa. Pumzi za watu wawili usiku mmoja zinatosha kulowesha bati baridi, na povu linalonyonya maji hukaa nayo hapo. Usijaze milango wala mihimili kwa povu la kupuliza: huziba matundu ya kutolea maji, na linapovimba huweza kubinua bati.

Makabati hufungwa kwa bolti za M6 au M8 kwenye nati za ribiti, zile zinazobanwa ndani ya tundu, na ziingie kwenye mihimili, kamwe si kwenye bati jembamba la ukuta. Kumbuka pia kwamba bodi hujikunja gurudumu moja linapopanda jiwe. Kabati lililoshikwa kwa ukali kutoka ukuta hadi ukuta litapasuka viungo au litavunja nati. Acha nafasi ya milimita 3 hadi 5, weka mpira katikati, na viungo vya mbao viwe vya gundi pamoja na skrubu. Droo ziwe na kitasa kinachojifunga kwa chuma, maana sumaku haihimili barabara ya makorogesheni, yaani ya vituta vidogo mfululizo.

Umeme uanze na matumizi, si na betri. Friji ya kompresa ya wati 45 kwenye joto hufanya kazi karibu nusu ya siku, sawa na wati-saa (Wh) 540. Feni ya wati 20 kwa saa 10 ni 200, simu na kompyuta 150, taa 50, pampu 10. Jumla 950 kwa siku. Betri ya LiFePO4 (aina ya lithiamu) ya ampia-saa (Ah) 200 ina Wh 2,560, kwa hiyo inakupa siku mbili na ushee bila jua. Paneli za wati 300, kwa saa 5 za jua zuri na upotevu wa asilimia 30, huzalisha 1,050. Hiyo inatosha. Kumbuka tu kwamba LiFePO4 haichajiwi chini ya nyuzi 0. Hakikisha kidhibiti kilicho ndani ya betri kinakata chaji chenyewe.

Oltaneta iunganishwe na betri hiyo kupitia chaja ya DC kwa DC, inayorekebisha volti, kwa mfano ya ampia 30, wala si kwa rilei (swichi ya umeme) peke yake, kwa sababu magari ya kisasa hushusha volti za oltaneta ili kuokoa mafuta. Waya wa milimita za mraba 16 kwa umbali wa mita 5 hupoteza takriban volti 0.33 kwa ampia hizo. Wa 10 hupoteza 0.53. Fyuzi ya ampia 50 iwe kwenye ncha zote mbili, ndani ya sentimita 20 kutoka kila betri, ya injini na ya ndani, kwa kuwa pande zote mbili zina uwezo wa kuwasha moto. Fyuzi hulinda waya, kwa hiyo ichaguliwe kwa unene wa waya.

Gesi ya LPG ni nzito kuliko hewa. Sanduku la mtungi liwe na tundu sakafuni linalotoa nje, mbali na bomba la moshi, na kengele ya monoksidi ya kaboni iwe karibu na kitanda.

Kazi ikishaisha, rudi mizanini, maji na vyakula vimejaa, na pima gurudumu moja moja kama inawezekana. Namba hizo ndizo unazompa muuza springi. Kuinua gari milimita 30 hadi 50 kunatosha. Zaidi ya hapo viungo vya shafti hufanya kazi kwa pembe kali, mipira yake huchanika na hosi za breki huvutwa. Springi pia haziinui difu ya nyuma (kasha la gia katikati ya ekseli), matairi ndiyo huinua. Kutoka tairi la 215/65R16 hadi la 225/75R16 kipenyo huongezeka milimita 58, difu inapanda 29 tu, na spidi mita ikisoma 80 unakwenda karibu 87. Baada ya kubadilisha springi rekebisha alaimenti na mwelekeo wa taa.

Mirija ya kupumulia ya difu na gia boksi ivutwe kwa hosi hadi juu ya injini. Difu yenye joto ikiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa yake husinyaa na kunyonya maji kupitia sili. Kwa hiyo baada ya kilomita 500 za kwanza za barabara mbovu, kaza upya bolti za kitanda, tangi na springi, kisha fungua nati ya difu uangalie mafuta: yakiwa na rangi ya maziwa, yamwage, badilisha sili, na tafuta palipoingia maji kabla ya kujaza mengine.