Home ya yuza ni ya namba, sio ya jina

Nimeulizwa tena: "mbona nime-chown home ya yuza kwa jina lake na bado seva ya pili inamkatalia permission denied?" Kumjibu kila mtu peke yake nimechoka, naandika hapa basi. Chown ni amri ya kubadili mwenye faili, ila jina halimiliki kitu kwenye Linux. Faili kwenye diski imebeba namba mbili tu, UID (ya mtu) na GID (ya grupu), hilo jina unaloliona kwenye ls -l linatafutwa muda huo huo, mashine inauliza NSS, sehemu yake ya kutafutia majina, namba hii ya nani, na mashine ya jirani ikiuliza namba hiyo hiyo inaweza ikakutajia mtu mwingine kabisa au ikakuachia namba tupu.

Watu wakihamia LDAP au Active Directory, yaani orodha moja ya yuza kwa mashine zote (domaini), wanaamini jina likibaki lile lile basi na faili zimehama. Hazijahama! Juma wa /etc/passwd, orodha ya yuza ya mashine yenyewe, alikuwa 1001, juma wa domaini anakuja na kitu kama 812601105 ambayo SSSD (programu inayoiunganisha Linux na domaini) imeikokotoa kutoka kwenye SID yake (kitambulisho chake huko domaini), home bado imeandikwa 1001. Na pam_mkhomedir usiitegemee hapo, mtu akilogin inamtengenezea folda ya home kama haipo, ikiikuta ipo inapita zake.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni ule mstari wa zamani wa juma unaoachwa kwenye /etc/passwd eti kwa usalama. Mtu anapiga chown -R juma /home/juma, nsswitch.conf (faili la mpangilio wa NSS) kwenye mashine nyingi inasoma files, yaani /etc/passwd, kwanza ndio sss, yaani SSSD, kwa hiyo juma anapatikana humo humo ndani, anageuzwa 1001, na chown inaandika 1001 juu ya 1001. Hakuna error, hakuna chochote. Hata Juma mwenyewe akilogin hapo anapewa 1001 na kila kitu kinaenda, shida inatokea seva ya pili inayotumia home ile ile kupitia mtandao kwa NFS, kule hakuna mstari wa zamani, kule yeye ni 812601105 na home ni ya mgeni. Piga getent passwd juma, kisha getent -s sss passwd juma, hii ya pili inauliza SSSD peke yake. Majibu yakitofautiana usiguse faili hata moja kabla hujautoa ule mstari, na ukitumia userdel usiweke -r jamani, inafuta home yenyewe.

Ukishautoa, usimwage chown -R kavu. Tumia chown -Rh --from=1001 juma: /home/juma, itagusa vya 1001 peke yake. Mwenye kontena za podman (programu zilizotengwa ndani ya mashine) bila root ana faili zenye UID za kuazima kutoka /etc/subuid, ukizifanya zote kuwa za juma umezivuruga kontena zake. Hiyo nukta pacha mwishoni inachukua grupu lake kuu, maana juma:juma mara nyingi itagoma, grupu la juma halipo kwenye domaini. Kwenye NFS yenye root_squash, inayomnyima root wa mashine nyingine nguvu zake, fanya kazi hii kwenye seva ya faili, na kama haimjui juma andika namba zote mbili, UID na GID yake.

Kuhusu SSSD ikokotoe namba au ujaze uidNumber (UID ya mtu inayoandikwa kwenye domaini) mwenyewe, hapa msimamo wangu bado unayumba. Kukokotoa hakuna kazi ya mikono, ila mashine zenye setingi tofauti zinampa mtu mmoja namba mbili, na winbind, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo ya SSSD, ina hesabu zake. uidNumber nayo ukisahau kumjazia mtu, Linux haimwoni kabisa. Home zikiwa NFS naegemea uidNumber, kila mashine ikiwa na home zake naona kukokotoa kunatosha. Chagua kabla watu hawajaanza kulogin, kwa sababu ukigeuza ldap_id_mapping (setingi ya SSSD inayochagua kati ya njia hizo mbili) baadaye namba za wote zinabadilika, inabidi ufute kashe ya SSSD iliyoko /var/lib/sss/db na urudie chown ya home zote, kila moja na --from yake.