Pete ya dhahabu tupu si lazima iwe imara

Msimu wa korosho ukifunguka na hela ikaingia, Mtwara utawasikia watu wanaokwenda kwa sonara wakisisitiza: "Nataka dhahabu tupu, usinichanganyie shaba." Wanaamini anayechanganya anaiba, na kwamba dhahabu ikiwa safi zaidi ndivyo pete inavyodumu.

Ni kinyume chake. Dhahabu ya karati 24 (karati ndicho kipimo cha usafi wa dhahabu, na 24 ndiyo tupu) ni laini mno. Twanga kisamvu nayo kidoleni, mchi ukiwa mkononi, uone: duara linabonyea, na nakshi zile nyembamba ulizozilipia zinasagika. Ikiwa na jiwe ndiyo balaa, maana vijino vinavyolishika hufunguka taratibu na jiwe linadondoka bila wewe kujua.

Ndiyo maana sonara huongeza shaba na fedha. Karati 18 ina dhahabu asilimia 75, na mara nyingi hugongwa muhuri wa 750. Karati 22 ni kama asilimia 91.6, muhuri wake 916. Wizi ni kuuziwa ya 18 kwa bei ya 22, si kule kuchanganya.

Kidani au hereni za harusini, zinazokaa sandukuni mwaka mzima, ziwe karati 22 na nakshi nyingi utakavyo. Hazigongwi na kitu. Ila pete ya kila siku, mimi ningechukua 18, nene kidogo upande wa kiganja, jiwe limezama ndani ya dhahabu badala ya kuchomoza. Haitang'aa kwa umanjano uleule, kweli. Mwambie sonara kazi za mikono yako kabla hujamwonyesha picha ya pete uliyonayo kwenye simu.