Kiwanja cha Makazi Kinapoombewa Kiwanda: Majirani Wasome Nini, Wapime Nini, Waandike Nini

Tangazo la kubadilisha matumizi ya kiwanja kutoka makazi kwenda viwanda huwa fupi: namba ya kiwanja, matumizi ya sasa, matumizi yanayoombwa, na siku ya mwisho ya kupokea pingamizi. Majirani wengi huuliza kwanza kitajengwa kiwanda gani. Ni haki yao kuuliza, lakini lipo swali la kutangulia: linaombwa kundi gani la matumizi?

Kwa kawaida mabadiliko haya huifuata ardhi, hayamfuati mwombaji. Anayeomba leo kwa ajili ya karakana ya kushona nguo, akipewa kundi la "viwanda" bila mipaka, kesho anaweza kuuza kiwanja na mnunuzi akaleta mashine za kusaga mawe. Mnunuzi atahitaji vibali vingine vya ujenzi na mazingira, ila swali kubwa, kama kiwanda kinafaa kuwa pale, litakuwa limeshajibiwa. Kwa hiyo nendeni ofisi ya mipango mkaombe kuona jalada zima: fomu ya maombi, mchoro wa eneo, orodha ya matumizi yanayoruhusiwa katika kundi hilo, na mpango wa jumla wa eneo lenu. Someni ile orodha hadi mstari wa mwisho, kisha mjadili tumizi baya kuliko yote lililomo. Pale sheria inaporuhusu, ombeni kundi lifungwe: viwanda vyepesi pekee, au tumizi moja lililotajwa kwa jina.

Pingamizi nyingi huanguka kwa sababu zimeandikwa kama kilio. Karatasi yenye saini mia tatu na sentensi moja, "hatutaki kiwanda", humpa afisa wa mipango miji kazi ya kuhesabu saini tu. Kinachomlazimu kujibu ni hoja inayohusu ardhi na athari: mradi unapingana na mpango wa jumla, barabara haiwezi kubeba malori, mifereji haitoshi, kelele za usiku zitavuka kiwango. Kushuka kwa bei ya nyumba kunauma kweli, lakini mara nyingi hakubebi uzito mkubwa mbele ya kamati. Kusiwe ndiyo nguzo ya barua yenu.

Tuanze na kelele, maana ndizo zinazozua ugomvi mrefu zaidi. Miongozo ya Kundi la Benki ya Dunia inaweka ukomo kwa desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti: kwenye makazi 55 mchana na 45 usiku (kati ya saa 4 usiku na saa 1 asubuhi), na 70 kwenye eneo la viwanda. Sauti ya mashine moja, mahali pa wazi, hupungua takriban desibeli 6 kila umbali unapozidishwa mara mbili. Chukua kompresa (mashine ya kushindilia hewa) inayotoa desibeli 85 ukisimama mita 10: kwa mita 20 ni 79, kwa mita 40 ni 73, kwa mita 80 ni 67. Kufika 45 bila kizuizi chochote kunahitaji takriban kilomita nzima. Ukiongeza kompresa ya pili iliyo sawa na hiyo, zinapanda desibeli 3.

Hesabu hii inaonyesha kwa nini ahadi ya "tutapanda miti" haitoshi. Mkanda mnene wa miti wenye upana wa mita 30 hupunguza desibeli 5 hadi 8. Miti inafaa kwa vumbi na kwa macho. Kelele zinadhibitiwa kwa kuifungia mashine ndani ya jengo, kuweka vizuia sauti kwenye feni na mabomba ya moshi, na kujenga ukuta usio na tundu ulio karibu na mashine, mrefu kiasi kwamba ukiwa dirishani huioni. Ukuta uliojengwa katikati, mbali na mashine na mbali na nyumba, husaidia kidogo zaidi.

Malori nayo yasipuuzwe. Uharibifu wa barabara haupandi sambamba na uzito: kwa kanuni inayotumiwa na wahandisi, ekseli (mhimili wa magurudumu) iliyobeba mzigo maradufu huharibu takriban mara 16 zaidi. Barabara ya mtaa iliyojengwa kwa magari madogo inaweza kuisha upesi. Ulizeni idadi ya malori kwa siku, uzito kwa kila ekseli, njia yatakayopita, na yatasubiri wapi kupakia. Swali hilo la mwisho husahaulika, kisha malori yanalala mbele ya shule.

Kuhusu maji, hesabu ni rahisi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Hekta moja ikiezekwa na kusakafiwa yote, mvua ya milimita 50 hutiririsha karibu lita 500,000, ilhali awali sehemu ya maji hayo ilizama ardhini. Yataenda kwa jirani wa bondeni, isipokuwa mchoro uonyeshe bwawa la kuyashikilia na mfereji wenye ukubwa uliokokotolewa.

Kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, pimeni hali ilivyo. Kelele zipimwe usiku kwa chombo kilichohakikiwa usahihi wake, maana programu ya simu inaweza kukosea desibeli kadhaa. Maji ya visima yapimwe maabara: pH (kiwango cha asidi), mafuta, na metali nzito zinazohusiana na kiwanda kinachoombwa. Kipimo cha awali kisipokuwepo, kisima kikichafuka miaka mitatu baadaye mmiliki atasema kilikuwa hivyo tangu zamani, na hamtakuwa na la kumjibu.

Yapo maombi ambayo hayafai kukubaliwa kwa sharti lolote. Kiwanda chenye gesi za sumu au milipuko hakiwekwi ukuta kwa ukuta na nyumba. Bhopal, India, Desemba 1984, gesi ya methili isosianati ilivuja usiku na kuua maelfu ya watu, wengi wao wakiwa wakazi wa mitaa iliyopakana na kiwanda. Hapo umbali ndio kinga, na kiwanja chembamba hakina umbali wa kutoa.

Kwa maombi mengine, hata mkipinga, jiandaeni kwa uwezekano wa kukubaliwa, na mwandike mapema masharti mnayoyataka. Sharti linalosema "kelele zisiwe kero" haliwezi kusimamiwa na mtu. Liandikwe hivi: kwenye mpaka wa nyumba ya karibu, kelele zisizidi desibeli 45 kati ya saa 4 usiku na saa 1 asubuhi, kipimo kifanywe kila baada ya miezi mitatu na matokeo yabandikwe langoni. Mifereji na ukuta vikamilike kabla ya uzalishaji kuanza, si "kwa wakati muafaka". Masharti yaingizwe ndani ya kibali chenyewe. Ahadi ya mdomo kwenye mkutano wa hadhara haimfungi mtu.

Barua ipelekwe nakala mbili, moja irudi na mhuri na tarehe ya kupokelewa. Uamuzi ukitoka, ombeni sababu kwa maandishi siku hiyo hiyo, kwa kuwa muda wa rufaa huhesabiwa kwa siku, na mara nyingi rufaa nzuri hukataliwa kwa kuchelewa tu.

Kiwanda kikishaanza, daftari la mtaa ndilo ushahidi wenu. Mkaguzi anaweza kufika siku mbili baada ya malalamiko na kukuta feni zimezimwa. Andikeni tarehe, saa ya kuanza na kuisha, upepo ulikotoka, aina ya sauti au harufu, na nyumba zilizoathirika. Usiku wenye baridi na utulivu uwekewe alama, kwa sababu hewa baridi iliyotuama chini huushikilia moshi usipande.