Jina la asteroidi huja mwisho

Nikimwambia mtu kwamba nashughulika na kukokotoa njia za asteroidi, yaani miamba inayolizunguka Jua, ambayo huitwa pia sayari ndogo, mara nyingi huniuliza bei. Anataka asteroidi moja iitwe kwa jina la mchumba wake au la marehemu baba yake. Jibu ni kwamba haziuzwi. Wanaouza vyeti vya majina ya angani wanauza karatasi tu, na majina hayo hayaingii katika rejesta yoyote tunayoitumia. Jina rasmi la sayari ndogo huidhinishwa na kikosi kazi cha Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, bila malipo, na ndicho kitu cha mwisho kabisa ambacho gimba hilo hupewa.

Kwanza hupata kitambulisho cha muda. Tuchukue 2004 MN4. Mwaka unajieleza. Herufi ya kwanza hutaja nusu ya mwezi: A ni Januari 1 hadi 15, B ni siku zilizobaki za Januari, na hivyo hivyo hadi Desemba. I hurukwa ili isichanganywe na 1, na Z haitumiki. Kwa hiyo M ni nusu ya pili ya Juni. Herufi ya pili ni nafasi katika foleni ya nusu mwezi hiyo. Hapa herufi zipo 25 (I hurukwa tena, lakini Z hutumika), na zikiisha huanza upya, huku namba ya mwisho ikihesabu mizunguko iliyokamilika. N4 basi ni mizunguko minne, yaani 100, ukijumlisha 13 kwa N: gimba la 113. Utaratibu huu ulianza mwaka 1925, na kusema kweli unanipendeza kuliko majina mengi yaliyofuata.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Asteroidi iliyoonekana usiku mbili tatu inaweza kupotea kabisa, kwa kuwa kipande kifupi namna hiyo cha njia yake hulingana na njia nyingi tofauti za kulizunguka Jua. Lazima ionekane tena inaporudi upande wa anga ulio mkabala na Jua, kwa kawaida mara nne au zaidi, mpaka tuweze kusema kwa uhakika itakuwa wapi miaka mingi ijayo. Hapo Kituo cha Sayari Ndogo, kilichoko Cambridge, Massachusetts, huipa namba ya kudumu. Zinazopita karibu na Dunia hazisubiri muda mrefu hivyo, maana zinafuatiliwa kwa darubini nyingi na hata kwa rada. Ndivyo 2004 MN4 ilivyopata namba 99942 mwaka 2005, kisha jina Apophis, joka la giza la Misri ya kale, adui wa mungu jua. Aprili 13, 2029 itapita karibu nasi kuliko setilaiti nyingi za mawasiliano, na haitatugonga.

(Pluto, iliyokuwa ikihesabiwa sayari ya tisa, ilipopewa namba 134340 mwaka 2006, wengi waliona imedhalilishwa. Kwetu sisi namba ni heshima: maana yake njia yako inajulikana.)

Gimba likishapata namba, mvumbuzi ana miaka 10 ya kupendekeza jina. Lisizidi herufi 16, litamkike, lisitukane mtu, lisikaribiane mno na jingine, wala lisiwe tangazo la biashara. Wanasiasa na wanajeshi husubiri hadi miaka 100 ipite tangu wafariki. Wanyama wa nyumbani nao hawakaribishwi, na hapo kuna kisa. Asteroidi 2309 inaitwa Mr. Spock, lakini si moja kwa moja kwa heshima ya yule mhusika wa runinga mwenye masikio yaliyochongoka, bali ya paka wa mvumbuzi wake, paka aliyeitwa hivyo. Jina limebaki, ila baada yake wakubwa wa Umoja waliomba majina ya paka yapumzishwe.

Siasa ilikuwepo tangu mwanzo. Giuseppe Piazzi alipoiona ya kwanza huko Palermo, Januari 1, 1801, aliiita Ceres Ferdinandea: nusu ya kwanza kwa mungu wa kike wa mavuno, nusu ya pili kwa mfalme wake, Ferdinand. Mataifa mengine yaliikubali nusu ya kwanza tu. Mwaka 1850 John Russell Hind, akiwa London, alitoa jina Victoria. Wamarekani waliponung'unika kwamba huyo ni malkia wa Uingereza aliye hai, akajibu kuwa amemkusudia mungu wa ushindi wa Warumi. Jibu la kijanja, nami silisadiki.

Miungu wa Ugiriki na Roma haikuweza kutosha milele. Katika miaka ya 1930 Cyril Jackson, akifanya kazi Johannesburg, aligeukia ramani ya Afrika, na ndiyo maana katika ukanda wa asteroidi, kati ya Mirihi na Mshtarii, kuna 1278 Kenya, 1427 Ruvuma, 1428 Mombasa na 1429 Pemba, miamba isiyo na uhusiano wowote na mahali hapo.

Baadhi ya makundi bado yana mila zake. Asteroidi zinazoandamana na sayari ya Mshtarii (Jupita) hupewa majina ya mashujaa wa vita vya Troya vya hadithi za kale za Kigiriki, Wagiriki mbele ya sayari hiyo na Watroya nyuma yake. Patroclus wa Ugiriki na Hektor wa Troya walishapewa nafasi kabla kanuni haijakaa sawa, hivyo kila mmoja yuko kambi ya adui kama jasusi. Mashujaa walipoelekea kuisha, zile ndogo zilifunguliwa kwa wanariadha wa Olimpiki.

Ninayoipenda zaidi ni 152830. Ilikaa na namba tu hadi mwaka 2023, chombo cha angani cha Marekani kiitwacho Lucy kilipokaribia kuipita. Kwa kuwa chombo hicho kimepewa jina la mabaki maarufu ya jamaa wa kale wa binadamu yaliyofukuliwa Ethiopia, asteroidi ikaitwa Dinkinesh, jina la Kiamhari la mabaki hayo hayo. Novemba 1 picha zilionyesha kuwa ina mwezi wake mdogo, ambao nao ni mawe mawili yaliyogusana. Ukaitwa Selam, kwa mabaki ya mtoto wa jamii ile ile.