Je, wajua kwa nini kumwokoa konokono wa Ziwa Tanganyika kunaanzia milimani?

Baharini, vitanda vya chaza vinapokufa, wataalamu humwaga magamba makavu chini ya maji ili viluwiluwi vya chaza vinavyoelea vipate mahali pa kujishikiza. Njia hiyo haimfai konokono mkubwa wa Ziwa Tanganyika, Neothauma tanganyicense, asiyepatikana katika ziwa jingine lolote duniani. Yeye huzaa watoto walio tayari na magamba yao, nao hawaelei kwenda mbali, kwa hiyo penye maangamizi si rahisi konokono wa kwingine kupajaza upesi.

Wala magamba si kitu kinachokosekana. Maji ya ziwa hili hayayayeyushi, na mengine yamelala chini kwa mamia ya miaka, yakiwa makazi ya samaki wadogo wa jamii moja na sato. Dume la Lamprologus callipterus hubeba magamba matupu kwa mdomo, moja baada ya jingine, na kuyarundika. Majike, walio wadogo sana kuliko yeye, huingia humo kutaga mayai, naye hubaki nje kwa sababu haenei.

Tatizo ni kwamba ukanda anaoweza kuishi konokono huyu unabanwa pande mbili. Ziwa lina kina cha mita 1,470 hivi, lakini oksijeni huishia kwenye mita 200 za juu au pungufu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa kadiri maji yanavyopata joto, ndivyo yanavyochanganyika kidogo, na sakafu yenye hewa ikazidi kupungua. Kutoka juu linakuja tope: kilima kikifyekwa kwa mkaa au mihogo, mvua huteremsha udongo hadi ziwani, nao hufunika mchanga na kuziba midomo ya magamba.

Joto la dunia Kigoma haiwezi kulituliza peke yake, ila tope inaliweza, na hapo ndipo juhudi zinapostahili kuelekezwa. Mradi wa TACARE, wa Taasisi ya Jane Goodall, ulianza mwaka 1994 kwa kupanda miti na wanavijiji jirani na Hifadhi ya Gombe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, sharti ambalo, kwa maoni yangu, lingesimamiwa kwa dhati kandokando ya mto Luiche na vijito vyote vya milimani, pamoja na kuchimba makinga maji mashambani na kuzuia makokoro yanayokwangua sakafu ya ziwa, lingempa konokono huyu nafasi ya kuzaana pale alipobaki.